Maoni Yako na Bajeti ya Kaunti: Maswali Ambayo Wakazi Huuliza Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mkazi wa kaunti yoyote kati ya 47 za Kenya ambaye ana la kusema kuhusu mtaro ulioziba, zahanati isiyo na dawa, ada za soko au barabara iliyoahidiwa kila uchaguzi. Mifano mingi tumeitoa Pwani, lakini sheria ni ileile hadi Turkana. Msimamo wetu tunautaja mapema: maoni mengi ya wakazi yana mantiki kuliko ya maofisa, ila hupotea kwa sababu hufika wakati uamuzi umeshapita, au hufika bila maandishi yoyote ya kuyathibitisha. Hayo yote mawili mkazi mwenyewe anaweza kuyarekebisha.

Je, kaunti inalazimika kunisikiliza, au ni hisani tu ya gavana?

Inalazimika. Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema, katika kifungu cha 1, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa, cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na cha 201 kinasema masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwahusisha watu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza taratibu: haki ya kuwasilisha ombi, wajibu wa kaunti kulijibu, na kwamba mipango ya kaunti haiwezi kutungwa bila wananchi.

Kwamba hili si pambo lilionekana Aprili 2014. Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ushuru ilianguka kwa kasoro hiyo. Tangu hapo kila kaunti huitisha vikao, na kasoro imehamia kwingine: vikao vipo, ila mara nyingi huitishwa ili picha zipigwe na orodha ya mahudhurio ijazwe. Kulihudhuria jambo kama hilo bila maandalizi ni kuwapa saini yako bure.

Nitajuaje kama jambo langu ni la kaunti au la serikali kuu?

Angalia Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, masoko, leseni za biashara na maegesho, barabara za kaunti na taa zake, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, takataka, chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini, kilimo na huduma za mifugo, zimamoto, leseni za pombe. Serikali kuu ina polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, vitambulisho, barabara kuu na hospitali za rufaa za kitaifa.

Kuna mahali watu hukosea kila mara. Kivuko cha Likoni kinaendeshwa na shirika la serikali kuu, kwa hiyo kumfokea MCA, yaani mwakilishi wa wadi yako katika bunge la kaunti, kuhusu feri iliyoharibika hakutaisogeza feri hiyo. Hospitali ya Coast General mjini Mombasa ni ya kaunti, ingawa ukubwa wake huwafanya wengi wadhani ni ya serikali kuu. Na barabara ndizo zenye utata kuliko vyote: inayopita mbele ya nyumba yako huenda ni ya mashirika ya serikali kuu, yaani KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) au KeRRA (za vijijini), au ni ya kaunti. Kabla ya kuandika lolote, uliza ofisi ya barabara ya kaunti kwa barua fupi: "Barabara hii kutoka hapa hadi pale iko chini ya nani?" Bila jibu hilo utarushwa kati ya ofisi mbili mpaka uchoke.

Chifu naye ni wa serikali kuu. Ofisa wa kaunti aliye karibu nawe ni msimamizi wa wadi. Barazani kwa chifu ni pazuri kusikia matangazo, lakini maoni ya bajeti yakiachwa huko hayana safari ya uhakika ya kufika bunge la kaunti.

Bajeti hupangwa lini hasa?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Lakini maamuzi huanza karibu mwaka mzima kabla, na hapa ndipo watu huachwa na basi.

Juu kabisa kuna mpango wa miaka mitano, ule unaoitwa CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiokuwemo humo, hata kwa jina la jumla, utakuwa na kazi ngumu ya kuingia kwenye bajeti, kwa hiyo tafuta kwanza ukurasa wa wadi yako.

Kila mwaka, kufikia 1 Septemba, kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, wa mwaka wa fedha unaofuata. Humu ndimo miradi huorodheshwa wadi kwa wadi. Kufikia 30 Septemba huandaliwa tathmini ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita. Kufikia 28 Februari huja taarifa ya mkakati wa fedha, CFSP, ambayo huweka kiwango cha juu cha fedha kwa kila idara. Bunge lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Kufikia 30 Aprili makadirio kamili ya bajeti huwa mezani, na bunge huyaidhinisha kabla ya 30 Juni. Mswada wa Fedha, unaoweka ada na tozo, huidhinishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupitishwa.

Sasa chukua mfano wa mtaro. Unataka uzibuliwe na kujengwa upya kabla ya mvua za masika za Machi 2028. Fedha zake ni za mwaka wa 2027/28, zinazoanza Julai 2027, na zabuni pamoja na ujenzi hula miezi kadhaa. Mradi huo uwe kwenye ADP ya Septemba 2026. Maana yake ni kwamba maoni yako yanatakiwa yafike Julai au Agosti 2026, wakati jua linawaka, mtaro umekauka na hakuna anayeukumbuka. Anayesubiri maji yaingie sebuleni ndipo aandike, anaandika kuhusu masika ya mwaka mwingine kabisa.

Lakini wao hutuita Mei. Kwa nini vikao vya Mei havibadilishi kitu?

Kwa sababu kanuni zinazuia. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma kwa kaunti za 2015, kanuni ya 37, zinasema mabadiliko ya bunge kwenye makadirio yasizidi asilimia 1 ya kiwango kilichowekewa kila fungu. Piga hesabu: idara ikiwa na shilingi milioni 800, bunge linaweza kuiongezea au kuipunguzia milioni 8 tu. Mkazi anayekuja Mei na hoja ya kuhamisha milioni 60 kutoka safari za maofisa hadi dawa za zahanati ana hoja nzuri katika mwezi mbaya. Hoja hiyo ilikuwa ya Februari, kwenye CFSP.

Mei ina kazi yake. Ndani ya idara moja bado unaweza kuomba fedha zihame kutoka mradi huu hadi ule. Na ni wakati mzuri wa kudai maelezo: mahali, urefu, idadi. Ukiona mstari unaosema "Uboreshaji wa barabara, wadi" bila kilomita wala jina la barabara, huo ni mradi unaoweza kuhamishwa popote, au kutokuwepo popote. Dai uandikwe kikamilifu.

Tungekuwa na nguvu za kuhudhuria kikao kimoja tu kwa mwaka, tungechagua cha Februari. Huwa na watu wachache kuliko vyote.

Niandike vipi ili maoni yasomwe?

Ukurasa mmoja unatosha. Miwili ikizidi sana. Kamati hupokea maandishi mengi kwa siku chache, na karani anayeandaa muhtasari hunukuu kile kinachonukulika. Kwa hiyo taja jina la hati, ukurasa, mradi, kiasi, unachoomba kibadilishwe na sababu. Hivi ndivyo yanavyoweza kuonekana (tarakimu ni za mfano):

Kwa: Karani wa Bunge la Kaunti.
Kuhusu: Makadirio ya bajeti ya 2026/27, Idara ya Barabara na Ujenzi, ukurasa wa 84, "Mitaro ya maji ya mvua", shilingi 4,000,000.
Tunachoomba: Mradi uandikwe mahali na kipimo, yaani mita 350 kutoka lango la soko hadi kalvati ya barabara kuu, pamoja na mifuniko ya zege.
Sababu: Sehemu hii hufurika kila masika na wachuuzi hufunga biashara. Mwaka jana mita 120 za juu zilijengwa bila kufikishwa kwenye kalvati, hivyo maji sasa hushukia mlango wa zahanati.
Fedha: Kama hazitoshi, tunapendekeza zipunguzwe zile za "Matengenezo ya ofisi", ukurasa wa 91, katika idara hiyohiyo.
Jina, wadi, simu, saini, tarehe.

Ona kwamba barua hiyo haimtukani mtu, na inataja fedha zitoke wapi. Maoni yanayosema "tuongezewe" bila kusema papunguzwe wapi ndiyo rahisi kuliko yote kuwekwa kando.

Chapisha nakala mbili. Peleka mwenyewe ofisi ya karani, nakala moja iachwe, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma pia kwa barua pepe, hifadhi ile iliyotumwa. Nakala yenye muhuri ndiyo ushahidi wako mbele ya Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya maofisa, au mbele ya mahakama. Ujumbe wa WhatsApp kwa MCA ni mazungumzo. Hauingii kwenye kumbukumbu za bunge.

Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Ni lugha ya taifa na lugha rasmi.

Na nikipendelea kusema kwa mdomo?

Sema, lakini utangulie na maandishi. Ukisimama, taja jina na wadi, taja ukurasa, toa ombi moja, umkabidhi mwandishi wa kikao karatasi yako. Dakika mbili. Wakazi wa mtaa mmoja wakigawana hoja, mmoja mtaro, mmoja taa, mmoja dawa, husikika zaidi kuliko watu wanane wanaorudia malalamiko ya yule wa kwanza.

Kisha subiri kidogo kabla ya kusaini orodha ya mahudhurio. Soma kichwa chake. Kama hakitaji jina la kikao, hati inayojadiliwa na tarehe, omba viandikwe. Orodha isiyo na kichwa inaweza kubandikwa kwenye ripoti ya kikao kingine, na jina lako litaonekana umeridhia jambo usilolijua.

Matangazo ya vikao hupatikana wapi?

Kwenye magazeti, tovuti na kurasa za mitandao za kaunti na za bunge lake, mbao za ofisi ya wadi, redio za eneo, misikitini na makanisani. Matangazo mengi hutoka siku chache tu kabla, na hati yenyewe haipatikani au ni ya kurasa mia tatu. Usingoje tangazo. Tarehe za kisheria tumeshazitaja. Wiki moja baada ya 1 Septemba, 28 Februari na 30 Aprili, nenda ofisi ya karani uombe hati. Ikiwa kikao kimetangazwa kwa muda mfupi mno au mahali ambapo watu wa wadi tatu hawafiki bila nauli kubwa, andika malalamiko siku hiyohiyo, kabla kikao hakijafanyika. Mahakama ikija kupima kama ushirikishaji ulikuwa wa kweli, huangalia kama watu walipewa taarifa na muda wa kutosha. Malalamiko yaliyoandikwa mapema yana uzito kuliko yaliyoandikwa baada ya kushindwa.

Zahanati yetu imejengwa na kupakwa rangi, lakini haina muuguzi wala dawa. Tulikosea wapi?

Mliomba jengo. Hili ndilo kosa la kupanga linalotuumiza kuliko mengine yote, na wanasiasa hulipenda kwa sababu jengo lina uzinduzi na utepe.

Bajeti ya kaunti ina mafungu mawili. Matumizi ya maendeleo hujenga na kununua vitu vya kudumu. Sheria inataka yasipungue asilimia 30 ya bajeti kwa muda wa kati. Matumizi ya kawaida ndiyo hulipa mishahara, dawa, umeme, mafuta ya ambulensi na matengenezo. Zahanati hutoka fungu la kwanza, muuguzi hutoka la pili, na huajiriwa kupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Kanuni pia zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kaunti iliyokwisha kuvuka kiwango hicho, na ni nyingi, itaona vigumu kuajiri muuguzi hata jengo likiwa tayari.

Kwa hiyo ukiombea mradi wowote, omba pande zote mbili. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji pampu, tangi, mabomba hadi vibandani, umeme au sola, na mtu wa kulipwa akitunze. Ukiona fedha za kuchimba peke yake, utabaki na shimo lenye mfuniko. Chekechea inahitaji mwalimu, madawati, choo na uzio. Taa za barabarani zinahitaji bili ya umeme ilipwe kila mwezi, na baadhi ya taa zilizozimika mijini hazina kasoro yoyote ya kiufundi isipokuwa bili. Uliza swali hili moja kwenye kikao: "Fedha za kuuendesha mradi huu ziko ukurasa gani?" Kama hakuna anayejua ukurasa, waambie waandike kwamba swali limeulizwa.

Tunaamini kukamilisha na kuendesha kilichopo kutangulie kujenga kipya. Wadi yenye zahanati moja inayofanya kazi usiku na mchana ina afya kuliko yenye majengo matatu yaliyofungwa kwa kufuli.

Mradi wetu ulikuwa kwenye bajeti iliyopitishwa Juni. Ikafika Machi haupo. Umeenda wapi?

Tafuta bajeti ya ziada. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kurekebisha bajeti katikati ya mwaka, na sababu halali zipo: mafuriko, fedha kutoka Nairobi kuchelewa au kupungua. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha wa taifa kuondolewa kufuatia maandamano, mgao wa kaunti zote ulishushwa kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4. Kila kaunti ilibidi ikate mahali.

Swali ni wapi. Bajeti ya ziada hupita haraka, mara nyingi bila vikao vya maana vya wananchi, na katika safari hiyo miradi midogo ya wadi hufutwa ili kulipia madeni ya zamani au matumizi ya ofisi. Zaidi ya hapo, mkuu wa idara ana mamlaka ya kuhamisha fedha kati ya mafungu yake hadi asilimia 10 bila kurudi bungeni. Kama kuna mahali pa kuweka macho yote mawili, ni hapa. Kuanzia Novemba, uliza ofisi ya karani kila mwezi kama bajeti ya ziada imewasilishwa. Ikiwasilishwa, linganisha mstari kwa mstari na ile ya Juni, ukianza na jina la wadi yako.

Nitapataje hati ambazo wananinyima?

Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza, eleza habari unayoitaka kwa undani wa kutosha ili ipatikane. Si lazima useme unaitakia nini. Asiyeweza kuandika anayo haki ya kuandikiwa na ofisa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu kwa sababu maalum, na kama habari iko ofisi nyingine, inatakiwa kuihamishia huko ndani ya siku 5. Malipo ni gharama ya kunakili pekee.

Ukikataliwa au siku zikipita kimya, peleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30, pamoja na nakala yako yenye muhuri.

Omba kidogo. "Hesabu zote za kaunti tangu 2013" ni ombi la kukataliwa. "Mkataba, hati ya vipimo na bei za kazi, ile mafundi huiita BQ, na cheti cha malipo cha mradi wa mtaro wa soko, mwaka wa 2024/25" ni ombi la kujibiwa. BQ ndiyo hati yenye thamani kuliko zote kwa mkazi: inaonyesha mkandarasi alipaswa kuweka zege la unene gani na kalvati ngapi. Ukiwa na BQ, futi ya mkononi na simu ya kupiga picha, unaweza kukagua mradi mwenyewe jioni moja. Pima, piga picha zenye kitu cha kuonyesha ukubwa, andika tarehe. Kinachokosekana mara nyingi ni unene wa zege, nondo, na mita za mwisho za mtaro.

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti lina tofauti gani na barua ya maoni?

Barua ya maoni hujibu hati iliyo mezani. Ombi rasmi, petisheni, unaweza kulipeleka wakati wowote kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti, na mtu mmoja anatosha; wingi wa saini husaidia kisiasa tu. Liandikwe kwa heshima, lielekezwe kwa bunge, lieleze tatizo, liseme umeshapeleka wapi na ulijibiwaje, liseme kama suala liko mahakamani au haliko, na limalizie na ombi lililo wazi. Jina, anwani na saini, au alama ya kidole gumba, viwe kwenye karatasi yenye ombi lenyewe. Maombi hukataliwa sana kwa kasoro mbili: karatasi za saini zisizo na maneno ya ombi juu yake, na kuruka hatua ya kwanza ya kuiandikia idara husika.

MCA wetu anasema "nitawajengea". Fedha anazo?

Hana. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria na kusimamia. Anayejenga ni idara iliyo chini ya gavana. Hata kaunti zenye mfuko wa wadi hutekeleza kupitia idara. Mwulize ameuliza maswali gani bungeni, na yuko kamati gani.

Je, tunaweza kumwondoa kabla ya uchaguzi?

Katiba inatoa haki hiyo kwa wabunge, na Sheria ya Serikali za Kaunti iliitoa kwa MCA. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu kubwa ya masharti ya utaratibu wake kwa kuwa yaliifanya haki hiyo isitekelezeke. Kabla ya kuanza kukusanya saini, iulizeni tume ya uchaguzi, IEBC, utaratibu uliopo sasa ni upi. Uchaguzi mkuu unaofuata ni 10 Agosti 2027, na ujumbe wenye rekodi ya maswali yasiyojibiwa una nguvu katika kampeni.

Ada ya leseni imepandishwa ghafla. Wafanyabiashara wafanye nini?

Someni majedwali ya Mswada wa Fedha, si hotuba yake. Ada hupangwa kwa aina na ukubwa wa biashara, na mswada mara nyingi huonyesha kiwango kipya bila cha zamani. Tengenezeni jedwali lenu la safu tatu: aina ya biashara, ada ya sasa, ada inayopendekezwa. Ongezeni mapato ya kawaida ya siku ya kibanda cha ukubwa huo. Kiosk kinachotozwa daraja moja na duka la jumla ni hoja inayoeleweka na kamati yoyote. Pia ombeni kuonyeshwa ada za mwaka uliopita zilifanyia soko lenu nini: choo, maji, taa, uzoaji taka. Mtu anayelipa ushuru wa soko kila asubuhi na kujisaidia kwa kulipia choo cha mtu binafsi ana haki kamili ya kuuliza.

Tukipewa "nauli" ili tukae kimya au tushangilie?

Kurejeshewa nauli kwa uwazi, kwa kila aliyefika, si kosa. Bahasha ya kuchagua watu ni kununua ushahidi wa uongo. Kikao kikivamiwa na vijana wa kukodishwa, msishindane nao kwa sauti. Tokeni pamoja, andikeni kilichotokea na saa yake, mkabidhi maoni yenu kwa karani kesho yake asubuhi. Kwa taarifa za wizi wa fedha, tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ina njia ya kuripoti bila kujitambulisha.

Kaunti inadai mradi umekamilika na kulipwa, nasi tunaona nyasi tupu. Tuanzie wapi?

Anzeni na ripoti za umma. Idara ya fedha ya kaunti hutakiwa kutoa ripoti ya utekelezaji ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka, na Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ripoti zake kuhusu kila kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila mwaka, na Katiba inampa miezi sita baada ya 30 Juni kutoa ripoti. Tafuteni jina la mradi humo. Kisha ombeni mkataba, BQ na cheti cha malipo kwa njia tuliyoeleza.

Mkiwa na hati mkononi, nendeni mahali penyewe mkiwa watu watatu au wanne, mpige picha zenye tarehe na mahali, kisha mwandike ukurasa mmoja: mkataba unasema nini, malipo yanasema nini, ardhi inaonyesha nini. Nakala ziende kwa mkuu wa idara, kwa kamati ya bunge inayosimamia idara hiyo, na kwa Mkaguzi Mkuu kabla wakaguzi hawajaja kaunti. Wakiwa na mahali na jina la mradi, wanaweza kuuweka kwenye miradi ya kutembelea. Msianze na Facebook. Mkandarasi akishtuka mapema, tingatinga litafika Jumamosi, lifyeke zile nyasi, lisambaze mchanga, na Jumatatu mtakuwa na mradi "unaoendelea" ambao ni mgumu zaidi kuuthibitisha.